Wewe Ni Nani, Umetoka Wapi, Wataka Nini

Ngoma ya pepo katika nchi ya Wadigo ina wakati wake wa maswali. Kayamba zimelia tangu usiku uanze, ubani umefukizwa, mama aliyekaliwa na pepo amefunikwa shuka na kichwa chake kimeanza kutikisika. Hapo mganga husogea karibu na kuuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni aliyebisha hodi usiku wa manane: wewe ni nani, umetoka wapi, wataka nini?

Kinachojibu ni kinywa cha yule mama, lakini jina linalotajwa si lake. Sauti hubadilika. Mara inakuwa nzito ya kiume, mara inachanganya maneno ya lugha ambayo mwenyewe hakuwahi kujifunza. Majirani wameketi wanasikia, mume yupo, mama mkwe yupo. Kesho yake hakuna anayemshika mama huyo kwa maneno ya jana, maana hakuyasema yeye.

Simwombi msomaji aamini pepo wala aache kuwaamini. Ninachotaka kusimulia ni historia ya maswali yale matatu. Kutoka Likoni hadi Vanga, kutoka ufuo wa Diani hadi Kinango kwa Waduruma, vizazi vingi vilipata hapo mahali pa kulitazama giza lililo ndani ya mtu bila mtu huyo kuvunjika. Ukiyafuata maswali hayo kwa miaka, utaiona historia ya hofu za Kwale yenyewe.

Anza na majina. Pepo wa pwani wana makabila: Kimasai, Kigala, Kiarabu, Kipemba, Kihabeshi, Kisomali. Hakuna aliyeingia katika orodha hiyo bure. Katikati ya karne ya 19 Wamasai walishuka pwani mara kadhaa kutafuta ng'ombe, na Waduruma na Wadigo waliyaonja mashambulizi yao. Kabla ya hapo Wamijikenda, Wadigo na Waduruma wakiwemo, walikuwa wakiishi ndani ya kaya, vijiji vilivyofichwa katikati ya msitu na kulindwa kwa boma na malango. Waduruma walikuwa na Kaya Mtswakara, Wadigo wana Kaya Kinondo karibu na Diani. Watu walipoziacha kaya polepole na kuhamia mashamba ya wazi, misitu ilibaki kuwa mahali pa makaburi na maombi. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu kadhaa ya kaya, zikiwemo hizo mbili, katika Urithi wa Dunia.

Boma liliachwa, hofu ikabaki. Adui aliyekuwa akizuiwa na lango la kaya alipita mlango mwingine. Mwanamke wa Kidigo aliyezaliwa miaka mingi baada ya uvamizi wa mwisho, ambaye labda hakuwahi kumwona morani hata mmoja, aliinuka usiku wa ngoma akidai shuka nyekundu na fimbo. Nyanya yake ndiye aliyemkimbia Mmasai. Yeye alimpa mwili wake azungumzie.

Pepo wa Kiarabu alidai vitu vingine: kanzu nyeupe, marashi, halua, usafi. Huyu naye alikuwa na sura iliyojulikana. Gazi, kilomita chache kaskazini ya Msambweni, ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Aligombana na masultani wa Zanzibar kwa miaka, kisha mwaka 1895 na 1896 akajikuta katika vita dhidi ya Waingereza, na mwishowe akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa Mdigo wa zama hizo mtu wa aina ya Mbaruk alikuwa tishio na kimbilio kwa wakati mmoja. Wapo waliomfuata vitani, wapo waliomkimbia. Ndivyo alivyo pepo wake: anaogopwa na anatamaniwa, anaumiza na anampa heshima aliyekaliwa naye. Hofu na tamaa hulala kitanda kimoja, na watu wa pwani ya kusini walilijua hilo kabla ya mwanasaikolojia yeyote kulitia kitabuni.

Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai miaka miwili baadaye, alikutana na ngoma hizi na kuzichukia. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882 akiwa ameshafariki, ina maelezo ya kupunga pepo. Aliyaona kama ushetani. Hata hivyo aliandika, na kwa sababu aliandika twajua kwamba jambo hili si la juzi.

Lakini kuna hofu iliyokuwa kali kuliko zote, na haikuhitaji mgeni wa kuileta. Shimoni, mkabala na kisiwa cha Wasini, kuna mapango ya mawe ya matumbawe ambamo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungwa wakingoja jahazi. Watalii hushuka ngazi, huonyeshwa vyuma ukutani, hunyamaza, huondoka. Simulizi hiyo ni ya kweli katika uzito wake, na anayeshtakiwa humo ni mwingine: mfanyabiashara, nahodha, sultani wa mbali. Wanahistoria wa Wadigo wameandika pia habari nyingine, isiyosimuliwa pangoni. Katika ukoo uliofuata upande wa mama, mjomba alikuwa na mamlaka juu ya watoto wa dada yake, na njaa au deni lilipobana aliweza kumtoa mpwa wake rehani. Katika njaa kubwa ya Mwachisenge, karibu mwaka 1884 na 1885, familia nyingi za Wamijikenda zilitoa watoto kwa watu wenye chakula. Wengine walikombolewa, wengine hawakurudi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi mwaka 1907.

Fikiri maana yake kwa mtoto. Mkono uliomlisha ndio ungeweza kumtoa. Na fikiri maana yake kwa mjomba aliyebaki hai baada ya mvua kurudi, akila muhogo wa shamba lake, na dada yake akimpita njiani. Hilo ndilo giza ninalolitaja. Haliko pangoni. Lilikuwa sebuleni, na sina shaka kwamba sehemu ya maumivu yaliyopelekwa kwa waganga katika miaka iliyofuata ilitoka hapo.

Novemba 1925 meli moja ilitia nanga Mombasa ikiwa na daktari Mswisi wa miaka 50, Carl Gustav Jung. Alikuja na marafiki, wakapanda treni kwenda Nairobi, kisha wakaendelea hadi Mlima Elgon. Alitembea na kamusi ya Kiswahili, akiitisha shauri na wazee na kuwauliza juu ya ndoto zao. Jung ndiye aliyeeneza Ulaya wazo kwamba kila mtu ana kivuli, yaani upande wake mwenyewe anaoukana, na kwamba anayeukana huishia kuuona kwa jirani na kumchukia jirani kwa ajili yake. Hakuvuka kivuko cha Likoni. Angevuka, angewakuta watu walioshughulika na jambo hilo kwa njia yao.

Mambo mawili ya safari ile yanahusika hapa. La kwanza, mzee mmoja mganga wa Elgon alimwambia kwamba tangu Waingereza waje watu hawaoti tena ndoto za maana, kwa kuwa sasa Mkuu wa Wilaya ndiye anayejua kila kitu: vita, magonjwa, mvua. La pili lilimpata Jung mwenyewe. Katika safari nzima aliota mtu mweusi mara moja tu, naye hakuwa Mwafrika wa Elgon. Alikuwa kinyozi wa Chattanooga, Tennessee, aliyewahi kumnyoa Marekani miaka 12 nyuma. Katika ndoto kinyozi alimkaribia na chuma chenye moto ili azisokote nywele zake ziwe kama za mtu mweusi. Jung aliamka kwa hofu. Akatambua kwamba alikuja Afrika akijidai kuwachunguza watu, kumbe alikuwa akikimbia swali juu ya nafsi yake.

Namheshimu kwa kuliandika hilo, lakini naona aliishia njiani. Aliitambua hofu yake, kisha akaichukulia ndoto kuwa onyo kwamba Afrika ingemmeza, akajilinda. Yule kinyozi hakuulizwa anataka nini. Katika kilinge cha Kwale mgeni wa namna ile angepewa salamu kwanza. Mara nyingi pepo wa huku hafukuzwi. Mganga hupatana naye, na matakwa yake hutimizwa kwa kiasi ambacho familia inaweza. Kisha mwenye mwili huishi naye, akimjua jina na siku zake, pengine hadi kufa.

Mwezi uleule wa Novemba 1925 serikali ya kikoloni ya Kenya iliweka sheria ya uchawi, ambayo imebaki katika vitabu vyetu kwa jina la Sheria ya Uchawi. Iliharamisha mtu kujidai ana nguvu za kuroga ili kuwatia watu hofu. Iliharamisha pia kumtuhumu mwingine uchawi, isipokuwa mbele ya Mkuu wa Wilaya, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Kifungu hicho cha pili kilikuwa na busara, ingawa kiliandikwa na watu waliowaona waganga wote kuwa kundi moja. Kwa sheria hiyo Mkuu wa Wilaya alichukua hata mamlaka juu ya hofu, sawa na alivyosema mzee wa Elgon.

Ngoma hazikukoma. Mwanaanthropolojia Roger Gomm alizichunguza kwa Wadigo wa pwani ya kusini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1975. Kwa maoni yake, pepo walikuwa silaha ya wanyonge. Mwanamke asiye na sauti nyumbani huumwa, pepo hudai nguo au zawadi, mume hulipa kwa kuogopa lawama. Linda Giles, aliyefanya utafiti wake katika miji ya Waswahili, alipinga kwamba pepo ni mambo ya waliosukumwa pembeni tu. Aliona kwamba pepo ni jamii nzima ikijieleza, na kwamba hata wenye hadhi walihusika.

Mimi nasimama karibu na Giles, ingawa Gomm hakukosea kuhusu mfuko wa mume. Kuna mambo hayasemeki mchana: mke mwenza aliyenunuliwa leso mbili, mkwe anayehesabu vijiko, safari za Mombasa ambazo mume hazielezi. Vilevile kuna lile ambalo mwanamke hajawahi kujiambia hata akiwa peke yake, kwamba yeye mwenyewe ana chuki, kwamba kuna siku alimtakia mke mwenza mabaya na kufurahi alipougua. Pepo akisema, huyasema yote mawili. Leso inapatikana, na chuki imesikika mbele za watu, akiwemo aliyekuwa ameibeba. Ukiliita hilo mapatano ya bei, umeacha nje sehemu iliyo ngumu zaidi.

Wanaume nao wana yao. Kaloleni, upande wa Kilifi, David Parkin aliwakuta katika miaka ya 1960 Wagiriama waliokuwa wakipata mali kwa minazi na ardhi, kisha wakashikwa na pepo wa Kiislamu. Pepo huyo aliwakataza pombe na nyama isiyochinjwa kwa sheria, hivyo wakaacha kula na kunywa na majirani waliokuwa wakiwauzia ardhi. Walisilimu ili wapone. Waliogopa sumu, waliogopa husuda, na naamini waliiogopa pia tamaa yao wenyewe, ambayo iliwageuza majirani kuwa watu wa kuhofiwa.

Masheikh wa pwani hawazikubali ngoma hizi, na wana hoja yao. Uislamu ulienea sana kwa Wadigo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja na njia yake ya kujitazama, ambayo ni muhasaba: mtu kukaa usiku akaihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligawia jambo hilo sehemu nzima katika kitabu chake Ihya, na darasa za Ramadhani za misikiti yetu hulirudia kila mwaka. Huko hakuna Mmasai wala Mhabeshi wa kusema badala yako. Ni wewe, nafsi yako na Mola wako. Njia hii ni kali kuliko ile ya kilinge, maana haikupi jina la kujifichia. Ila wengi wa Kwale, nikisema kwa uaminifu, wamepita njia zote mbili, kisomo Alhamisi na kayamba Jumamosi, na walifanya hivyo kwa sababu walikuwa na maumivu ya kweli.

Kisha ikaja njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Msitu wa Kaya Bombo uko upande wa Ngombeni, si mbali na Likoni. Mwaka 1992 serikali ilikuwa imeanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Miaka mitano baadaye, katika msitu huo, vijana wa Kidigo walikusanywa na kulishwa kiapo. Walipewa dawa na hirizi, wakaambiwa risasi hazitawapata, na kwamba atakayetoa siri atakufa. Malalamiko waliyokuwa nayo hayakuwa ya uongo. Ardhi ya pwani ilikuwa imegawiwa watu wa mbali, wenyeji wakawa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na hoteli za Diani zilisimama mbele ya vijiji ambavyo vijana wake hawakupata kazi humo. Uchaguzi wa Desemba 1997 ulikuwa unakaribia, na wapo wanasiasa wa chama tawala cha KANU walioona faida katika hasira hiyo, kwa kuwa wapigakura wengi kutoka bara waliaminika kuwa wa upinzani.

Usiku wa 13 Agosti 1997 vijana hao waliishambulia stesheni ya polisi ya Likoni na kituo cha polisi cha kivukoni. Polisi 6 waliuawa, bunduki zaidi ya 40 zikaporwa, vibanda vikachomwa. Katika wiki zilizofuata Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya walisakwa katika nyumba zao. Waliouawa walipita 100, na waliokimbia makwao walikadiriwa kufika 100,000. Wengi walijazana katika kanisa Katoliki la Likoni. Watalii waliondoka, hoteli zikafunga, na vijana wale wale waliodai kazi wakakosa hata zile chache zilizokuwapo. Msako wa vyombo vya usalama ukawaangukia Wadigo wengi wasiohusika, kwa kipigo na mateso.

Kiapo kinafanana na ngoma ya pepo kwa sura. Kuna usiku, kuna dawa, kuna mganga, kuna hofu inayotajwa. Lakini kilinge humfungua mtu kinywa, na kiapo humfunga. Kilingeni hofu huulizwa inatoka wapi. Kwenye kiapo hofu huonyeshwa mtu wa kumkata panga. Mbara aliyekuwa na kibanda cha mboga Likoni hakuwa ameichukua ardhi ya mtu yeyote wa Kwale. Aliwekewa sura ya wale walioichukua, ambao hawakuwa na vibanda vya mboga wala hawakuishi Likoni. Hapo Jung angetambua kitu anachokijua, na mganga mzee yeyote wa Kinondo pia: giza lililokanwa ndani limepewa mwili wa jirani.

Njia hiyo haijafungwa. Kwale na Kilifi wazee bado wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni vimekuwa ushahidi, na ukichimba chini ya kesi nyingi unakuta shamba ambalo mrithi amechoka kulingoja. Kijana anaiogopa tamaa yake, anaita tamaa hiyo uchawi wa babu, na babu anakufa. Kule Ganze, Kilifi, pameanzishwa kituo cha Kaya Godoma cha kuwahifadhi wazee waliotishiwa. Mjomba wa zama za Mwachisenge alimtoa mpwa ili ukoo uishi. Leo ni mpwa anayemtoa mjomba, na si kwa sababu ya njaa.

Serikali iliunda tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, yakiwemo ya Likoni. Ripoti yake ilikamilika mwaka 1999 na kufichwa hadi mwaka 2002. Iliwataja watu wenye nguvu waliostahili kuchunguzwa zaidi, na kesi nyingi za washukiwa wa Likoni hazikufika mbali. Ripoti inajibu vizuri swali la nani alipanga. Haikuwa kazi yake kumuuliza kijana wa miaka 20 kilichokuwa ndani yake usiku ule alipoushika upanga, alimwogopa nani hasa, na alichotaka ni nini.

Kijana huyo sasa anakaribia miaka 50. Ana watoto, huenda ana wajukuu. Huvuka kivuko asubuhi, na upande wa pili wa benchi ameketi mjane wa bara aliyerudi Likoni kwa kuwa hana kwingine. Wazee wa kaya wapo, maimamu na mapadri wapo, na waganga wanaojua kuuliza kwa adabu bado wapo Msambweni na Kinango. Nataka wawaite watu wale, mmoja mmoja, usiku au mchana, kwa Kidigo au kwa Kiswahili, mbele ya mjane huyo akikubali kuja, wawaulize yale maswali matatu, na wasikilize majibu hadi mwisho, yakiwemo yatakayotuaibisha sisi tuliokuwa majumbani tukijua msitu ule una watu na tukanyamaza.